Kabla ya kubadili injini ya Suzuki, tuhesabu gia kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Kabale, aliyeandika humu kwamba magari madogo ya Suzuki ya kupandia milima, yaani Samurai na Jimny, hayawezi kuifaa nchi yetu mpaka yang'olewe injini zake na kuwekewa za lita mbili au zaidi. Mimi ni fundi wa magari hapa Mbale, na kazi ya kuhamisha injini kutoka gari moja kwenda jingine ni sehemu ya riziki yangu, kwa hiyo siandiki kwa nia ya kuiharamisha. Ninachobishia ni utaratibu. Wenye magari wengi huanza na injini, kisha hukumbuka gia, redieta, breki na kadi ya gari wakati fedha zimekwisha. Nami nashikilia kwamba injini ndiyo inayostahili kuja mwisho, baada ya hayo mengine kukaguliwa na kuhesabiwa, na kwamba mara nyingi hesabu hiyo ikifanywa vizuri haja ya injini kubwa huondoka yenyewe.

Naelewa kwa nini jambo hili limeshika kasi. Tangu sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipozuia kuingizwa nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe, Samurai ya zamani haiwezi tena kuagizwa kutoka ng'ambo, na zilizobaki ni hizi tunazozitunza wenyewe. Injini yake inapochoka, mwenye gari hupanda basi kwenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, akitafuta nyingine kama ile ile, na huko hukuta injini za Toyota zimerundikana hadi darini huku ya Suzuki ikiwa moja, nayo imekwisha kutobolewa. Muuzaji humwambia kwamba kwa kuwa anabadilisha, heri abadilishe aweke kubwa. Ushauri huo ni wa biashara, na mtu aliyetoka mbali bila kipimo chochote mkononi hana cha kumjibu.

Tulitazame gari lenyewe. Suzuki SJ410 ya mwaka 1981, iliyoitangulia Samurai, ilitoka na injini ya sentimita za ujazo 970. SJ413, iliyofuata mwaka 1984 na kuuzwa katika nchi nyingi kwa jina la Samurai, ilipewa injini ya 1,324 yenye kabureta na nguvu za farasi takribani 64. Jimny ya mwaka 1998 ilibaki kwenye lita 1.3, na ile ya mwaka 2018 inayouzwa nje ya Japani ina injini ya petroli ya 1,462. Huko Japani kwenyewe zipo zinazotembea kwa injini ya sentimita za ujazo 660 yenye taabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, kwa sababu ya kanuni zao za kodi za magari madogo. Mtengenezaji, basi, alitoka 970 akafika 1,462 katika muda wa miaka 37, na katika muda wote huo gari hilo halikuacha kusifiwa kwa kupanda matope na mawe. Sisemi kwamba kiwanda hakikosei. Nasema kwamba wahandisi waliolipima walilichukulia kuwa gari jepesi ambalo kazi yake ngumu hufanywa na gia, na kila kitu ndani yake, kuanzia klachi hadi shafti za magurudumu, kilipimwa kwa dhana hiyo.

Mbona basi linalemewa mlimani? Sababu ya kwanza haimo katika gari hata kidogo, bali imo katika hewa. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita takribani 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale, anakotoka mwenzangu, iko kwenye mita takribani 2,000. Kwenye mwinuko wa Kabale uzito wa hewa katika kila lita ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa, na injini isiyo na taabo huvuta hewa hiyo hiyo iliyopungua. Nguvu za farasi 64 zilizoandikwa kitabuni kwa hiyo hushuka hadi 52 au 53, hata injini ikiwa mpya. Hasara hiyo huikumba injini kubwa isiyo na taabo kwa kiwango kile kile: yenye farasi 95 hubaki na 78 hivi. Kwa injini ya kabureta mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu jeti, yaani tundu la kabureta linalopitisha petroli, iliyopimwa kwa hewa nzito huendelea kumimina petroli ile ile huku hewa ikiwa imepungua, na mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kupita kiasi. Dereva huona moshi mweusi, plagi hujaa masizi, gari hukohoa kwenye kona za kupanda, na mwenye gari huhitimisha kwamba injini ni ndogo. Jeti ndogo zaidi, ambayo ni kipande cha shaba kinachotosha kwenye ncha ya kidole, huponya sehemu kubwa ya ugonjwa huo.

Sababu ya pili ni uchakavu, na sitaieleza kwa kirefu kwa kuwa kila fundi anaifahamu. Injini ya miaka 30 ambayo silinda zake zimepishana sana katika kipimo cha mgandamizo, ambayo vali zake hazijarekebishwa na ambayo mnyororo au mkanda wake wa taimingi umeruka jino moja, haiwezi kupewa hukumu ya udogo. Ipimwe kwanza. Kipimo cha mgandamizo ni kazi ya chini ya saa moja.

Sababu ya tatu ndiyo ninayotaka kuikazia, maana ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nayo ni matairi. Jimny ya mwaka 1998 ilitoka kiwandani na tairi la 205/70R15, ambalo kipenyo chake ni milimita 668. Vijana wetu hupenda kulivalisha la 235/75R15, lenye kipenyo cha milimita 733 na nusu. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 10, na maana yake ni kwamba kila gia imefanywa nzito kwa asilimia 10: gia ya kwanza haina tena uwezo wa gia ya kwanza, na ya tano imekuwa pambo lisilotumika popote penye mwinuko. Juu ya hayo, kipimo cha spidi kikionyesha kilomita 80 kwa saa gari linakimbia kilomita 88. Mwenye gari hilo alinunua matairi kwa fedha zake, akapoteza sehemu ya kumi ya nguvu ya kupanda, na sasa yuko tayari kununua injini ili airejeshe. Ukijumlisha upungufu wa hewa na upungufu wa matairi, unakuta kwamba gari la Kabale linapanda likiwa na takribani robo tatu tu ya uwezo ule ambao mtengenezaji aliukusudia kwenye usawa wa bahari, na bado hatujagusa umri wa injini.

Dawa ya gia nzito ni gia nyepesi. Katika Samurai, transifa, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, haikuungana na giaboksi kuu. Imekaa peke yake katikati ya gari, na shafti fupi ndiyo inayoziunganisha. Mpangilio huo ni neema kwa fundi, kwa sababu transifa hushushwa na kufunguliwa bila kuisumbua injini wala giaboksi. Ile ya SJ413 ina uwiano wa 1.409 kwa gia ya juu na 2.268 kwa gia ya chini, yaani mizunguko inayoingia kwa kila mzunguko mmoja unaotoka. Kwa miaka mingi sasa zimekuwa zikitengenezwa seti za gia zinazoupandisha uwiano huo wa gia ya chini hadi 4.16, yaani zinaongeza nguvu ya msokoto kwenye magurudumu kwa zaidi ya mara 1.8. Injini ya Samurai hutoa msokoto wa takribani nyutonimita 100. Kwa gia hiyo, magurudumu hupata kile ambacho yangepata kutoka kwenye injini ya nyutonimita 180 yenye gia za kiwandani, kiwango kinachokaribiana na cha injini nyingi za petroli za lita mbili zisizo na taabo. Kuna pia njia ya difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli, kwa kuwa SJ410 ilitumia uwiano wa 4.11 ilhali SJ413 hutumia 3.73 au 3.91 kutegemea soko ilikouzwa, mradi fundi alinganishe kwanza meno ya shafti kabla ya kununua chochote.

Mwenye jicho kali atanisahihisha hapa, na nitangulie kumjibu. Ni kweli kwamba shafti ya gurudumu haijui msokoto umetoka kwenye injini kubwa au kwenye gia ya chini. Ikizidiwa itakatika vilevile. Tofauti ni mwendo. Gari lililo kwenye gia ya 4.16 linapanda jiwe polepole kuliko mtu anavyotembea, na dereva husikia gurudumu likikwama kabla ya kukanyaga zaidi. Lile la injini kubwa na gia za kiwandani linahitaji kushikwa kwa klachi au kurushwa kwa kasi, na kasi ndiyo inayovunja viungo vya shafti za mbele, ambavyo katika Samurai ni vyembamba na huvunjika hasa magurudumu yakiwa yamekatwa kona. Ni kweli pia kwamba gia ya chini ya transifa haimsaidii mtu yeyote kwenye lami ya kutoka Mbale kwenda Tororo. Anayetaka kulipita lori kwenye barabara kuu hatasaidiwa na hesabu yangu, na huyo ndiye ninayekubali kwamba ana sababu ya kufikiria injini nyingine.

Kwa huyo, swali kubwa ni injini ipi. Mimi humshauri abaki ndani ya ukoo. Injini ya G16 yenye vali 16 iliyomo katika Vitara na Escudo za zamani, ya sentimita za ujazo 1,590 na farasi takribani 95, ni ndugu wa G13 ya Samurai: bloku zote mbili ni za aluminiamu, matundu ya boliti za giaboksi yanakubaliana, na uzito hauongezeki kiasi cha kulifanya gari liiname mbele. Kazi iliyobaki si ndogo. Injini hiyo hutumia sindano za petroli badala ya kabureta, kwa hiyo inadai pampu yenye shinikizo la juu, bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, kompyuta yake na wayaringi yake yote. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Muuzaji hukata waya karibu na injini ili aitoe haraka, na fundi anayezipokea hulazimika kubahatisha ipi ilikuwa ya kipima joto na ipi ya kipima hewa. Mnunuzi asitoe fedha mpaka aione injini ikiwa na wayaringi nzima, kompyuta yake na ikiwezekana kiti cha fyuzi. Kwa Jimny za baadaye zenye injini ya M13A, ndugu zake ni M15A na M16A. Aangalie tu kwamba M16A iliyotoka kwenye Swift Sport au SX4 ililazwa kwa upana wa gari, wakati ya Jimny inakaa kwa urefu, na kwa hiyo mabomba ya kuingiza hewa, ya maji na ya moshi hayatakaa mahali pake bila kubadilishwa.

Nje ya ukoo huo gharama hupanda upesi. Msomaji wa Kabale alizitaja dizeli za Toyota, na najua kwa nini anazipenda: vipuri vyake vimejaa kila mji na hakuna fundi asiyezijua. Lakini ile iitwayo 2L ni injini ya sentimita za ujazo 2,446 na iitwayo 3L ni ya 2,779, zote zikiwa na bloku ya chuma cha kusubu, na kuzitia ndani ya Samurai ni sawa na kumtwika mwana-punda gunia la ngamia. Ekseli ya mbele ya Samurai ni mti mmoja wa chuma unaopanda na kushuka chini ya injini, hivyo sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini ngeni, hugongwa na ekseli hiyo kwenye shimo la kwanza, isipokuwa injini iinuliwe. Na ikiinuliwa, boneti haifungi. Kati ya injini na giaboksi linahitajika bamba la kuunganishia lililochongwa kwa usahihi, kwa sababu mstari wa krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini, na mstari wa shafti ya giaboksi ukipishana kidogo tu, beringi ya mbele ya giaboksi huliwa na klachi huanza kutetemeka. Wapo wachongaji wa Katwe, Kampala, wenye mashine na ujuzi wa kufanya kazi hiyo ipasavyo. Wapo pia wanaoikata kwa gesi na kuitoboa kwa kukadiria.

Kuna kichekesho kimoja katika dizeli hizo ambacho muuzaji hakitaji. Dizeli ya aina hiyo haizunguki kwa kasi ya injini ndogo ya petroli, huishiwa mapema. Gari ambalo gia zake zilipimwa kwa injini inayozunguka haraka litajikuta kwenye lami likipiga kelele za kuomba gia ya sita, na mwenyewe atalazimika kutafuta difu zilizo nzito zaidi, yaani kinyume kabisa cha alichokuwa akikitafuta mlimani. Kuhusu mafuta sina mengi ya kusema: injini yoyote inayobeba uzito wa ziada na kuzungushwa nje ya gia zake itakunywa zaidi ya ilivyotarajiwa, iwe ya petroli au ya dizeli.

Joto nalo lina hesabu yake. Katika injini ya kawaida karibu theluthi ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya kupoza. Ukiongeza nguvu kwa nusu, umeongeza joto linalopaswa kutolewa na redieta ile ile nyembamba, tena kwenye barabara kama ile ya kupanda Kapchorwa, ambako gari huenda polepole na upepo wa mwendo ni mdogo, kwa hiyo feni ndiyo inayobeba kazi yote. Redieta ya Escudo haiingii kwenye pua ya Samurai bila kukata vyuma. Nimeona magari yaliyopewa injini nzuri kabisa yakichoma gasketi ya silinda hedi kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa redieta, na bloku ya aluminiamu ikipata joto la namna hiyo haisamehi kama ile ya chuma.

Sasa breki, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Nishati ya gari linalotembea hukua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, kasi imeongezeka kwa robo, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka kwa asilimia 56. Samurai ina diski mbele na breki za ngoma nyuma, zilizopimwa kwa gari jepesi ambalo halikuwa na uwezo wa kufika kasi kubwa kwa urahisi. Gari lililokuwa likikohoa kwenye 80 sasa linafika 110 bila dereva kuhisi, likiwa na diski zile zile, matairi makubwa na mazito zaidi, na pengine uzito ulioongezeka puani. Mteremko mrefu kama ule wa kutoka Kapchorwa kurudi bondeni huzichemsha breki hata za gari ambalo halijaguswa. Mtu akiniletea injini ya kuweka, mimi humuuliza kwanza atafanya nini na breki, na wapo wanaoondoka na kwenda gereji jingine kwa sababu ya swali hilo.

Umbo la gari pia si la kukimbizwa. Umbali kati ya ekseli mbili za Samurai fupi ni milimita 2,030 tu, na gari lenyewe ni jembamba na limeinuka. Mwaka 1988 jarida la Marekani la Consumer Reports lilitangaza kwamba Samurai halikubaliki, kwa hoja kwamba ni rahisi kupinduka linapokwepa kitu kwa ghafula. Suzuki ilikataa katakata hukumu hiyo, ikafungua kesi mwaka 1996, na pande mbili zikamalizana kwa maelewano mwaka 2004. Sijipi kazi ya kuamua nani alikuwa na haki katika ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba ubishi wote ule ulihusu gari lenye injini yake ya lita 1.3 na matairi yake ya kiwandani. Hakuna aliyekuwa akizungumzia lile lililoinuliwa springi, likavishwa matairi mapana na kupewa injini mara mbili ya hiyo.

Nimalizie na karatasi. Kadi ya gari hapa Uganda hubeba namba ya injini na ujazo wake, na maelezo hayo yanapaswa kulingana na gari lililopo barabarani. Wengi wetu, mafundi kwa wenye magari, hubadilisha injini na kuiacha kadi ilivyo, kwa kuogopa foleni na ada. Athari zake huja baadaye. Gari likipata ajali, kampuni ya bima iliyouza bima kubwa kwa gari la lita 1.3 ina sababu ya kukataa kulipia la lita 2.7 ambalo halikuwahi kuelezwa. Gari likiuzwa, mnunuzi anayekagua namba hukimbia. Na injini yenyewe ikiwa ilitoka kwenye gari la wizi, aliyekutwa nayo ndiye atakayejieleza polisi, si yule aliyeiuza bila risiti. Kwa hiyo mnunuzi adai risiti yenye namba ya injini na jina la duka, na asafiri nayo mpaka kwenye gereji. Muuzaji akikataa kuandika namba, jibu limekwisha kupatikana.

Katika hili Serikali nayo ina sehemu yake. Australia wana kanuni za kitaifa zinazolinganisha ukubwa wa injini mpya na uzito wa gari, na kazi inayovuka kiwango fulani hudai saini ya mhandisi aliyeidhinishwa ambaye amezitazama breki na chesisi. Sidai tuige kila kifungu, maana tukiwa na wahandisi wachache na gereji nyingi tutajenga dirisha jingine la kutolea hongo. Lakini Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ingeweza kuanza na jambo dogo: fomu ya kubadilisha injini iwe na sehemu inayojazwa na fundi mwenyewe kwa jina na saini yake, akieleza injini imetoka kwenye gari la aina gani, uzito umebadilika kiasi gani, breki zimefanyiwa nini na matairi ni ya ukubwa gani. Fundi anayejua kwamba jina lake litabaki kwenye faili atafikiri mara mbili kabla ya kukata bamba kwa gesi. Na vyuo vyetu vya ufundi, kikiwamo Uganda Technical College Elgon kilicho huku kwetu, vingeweza kuifundisha kazi hii waziwazi kama somo lenye hesabu zake, kwa sababu vijana wanaotoka huko huikuta gereji tayari inafanywa, na huifunzwa na yule wanayemkuta.

Kwa msomaji wa Kabale nina orodha fupi, naye akipenda aikatae. Apime mgandamizo wa silinda zote. Abadilishe jeti za kabureta kulingana na mwinuko anaoishi. Arudishe matairi ya kipimo cha kiwandani kwa muda, hata ya kuazima, apande nayo barabara ya Kisoro na aone. Kama bado hajaridhika na shida yake iko kwenye matope na mawe, atafute gia za transifa; na kama shida iko kwenye lami, atafute G16 iliyo nzima pamoja na kompyuta yake, aweke redieta na breki katika bajeti ile ile, kisha aandikishe namba mpya kabla hajalipeleka gari Katuna kuvuka mpaka.

Wako,
Fundi wa magari,
Mbale, Uganda